Nilimsuka Huku Nikijua

Sehemu ya sita

Tangu wiki jana gazeti limenifikishia pole zenu nyingi. Kuna mama ameandika kurasa mbili za kunifariji, na kuna baba anasema mke wake hutoa machozi kila akisoma habari za kichwa changu. Nawashukuru sana. Lakini someni kwanza ya leo, kisha muamue kama pole hizo mnaniachia au mnazitaka zirudi.

Kwa anayenikuta leo: mimi ni msusi, wateja huniita Fundi. Nimesuka vichwa vya watu miaka ishirini, na minne ya mwisho nimeisukia ndani ya wigi, kwa sababu kichwa changu mwenyewe kilikuwa kinakwisha. Kilianzia utosini. Kwanza kuwasha, kisha kuwaka, kisha nywele kukatika mahali pale pale, mwisho ngozi ikabaki laini, inang'aa, haina hata kitundu cha kutokea unywele. Kila baada ya miezi michache duara likapanuka. Nilipaka kila kilichopakika. Nilipochoka kujidanganya nikaenda kwa daktari wa ngozi, akakata kipande kidogo cha ngozi ya kichwa akakipeleka kupimwa.

Niliwaacha nikiwa mbele yake, majibu yako mezani, naye ananiuliza swali moja.

"Una ndugu wa kike?"

Kabla ya swali hilo alikuwa ameshanieleza yote. Daktari mwenyewe kijana, ningeweza kumzaa, lakini alinieleza taratibu kama mtu anayemfundisha mama yake kutumia simu. Alisema huu si mba wala si mapunye. Mba ni magamba ya juu tu. Mapunye ni fangasi, ukiwahi dawa yanapona na nywele zinarudi. Wangu ni ugonjwa unaounguza mizizi kwa ndani, polepole, na kila mzizi unaokufa unaacha kovu. Penye kovu nywele hazioti tena.

"Hata kwa dawa?" nikamwuliza.

"Dawa ni ya kuokoa zilizobaki. Zilizokwenda zimekwenda."

Akataka kujua nywele za mama yangu zilikuwaje. Nikamwambia mama alikuwa mtu wa kitambaa. Ndivyo tulivyokuwa tukisema nyumbani, mama ni mtu wa kitambaa, kama vile mwingine ni mtu wa chai. Pale kwa daktari ndipo nilipoyasikia maneno hayo. Niliishi na mama miaka ishirini na mitatu, nikamuuguza mpaka akafariki, na sijawahi kukiona kichwa chake.

"Ugonjwa huu hupita kwenye familia," akasema daktari. "Hasa kwa wanawake. Kusuka kwa kukaza, moto, dawa za kulainisha nywele, vyote vinauchochea. Lakini ukiwahiwa mwanzoni unasimama na nywele zinabaki. Ndiyo maana nakuuliza. Una ndugu wa kike?"

"Sina."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Kwetu walizaliwa wanaume watupu, mimi nilipenya tu."

Akacheka, akaandika. Akauliza watoto. Nikasema ninaye binti mmoja, ana miaka kumi na saba. Akaniambia nimkate nywele fupi, asisukwe kwa kukaza, asipitishwe moto wala dawa, na nimpeleke amwone. Akaniandikia tyubu ya kupaka na vidonge, nikashukuru, nikatoka.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu mbaya, na kama mnataka tarehe. Ilikuwa mwezi wa pili.

Maana ndugu wa kike ninaye. Mmoja, tumbo moja, ananifuata kwa miaka sita. Na hakai mbali. Anakaa kiti cha pili kwenye saluni yangu, mkono wake na wangu inagongana tukichukua chanuo.

Mdogo wangu jina lake la utani ni Singa. Mama ndiye aliyelianzisha, kwa sababu ya nywele. Alizaliwa nazo, nyeusi, ndefu, laini, wageni walikuwa wakimaliza kusalimia wanapitisha mkono kichwani kwake. Kwangu walipitisha macho. Mama akituweka chini kutusuka, alianza na Singa akiwa bado na nguvu na hadithi. Mimi nilifika vidole vimechoka.

Tulipokua, nikajifunza kusuka. Yeye akawa kichwa cha kunitangaza. Picha zote ukutani mwa saluni ni kichwa chake: kimesukwa mistari, kimefungwa juu, kimeachwa kikamwagika mgongoni. Ubao ulioko nje, wenye mwanamke aliyegeuza shingo, ni yeye. Wateja wakiingia wanasema, "Nataka kama za huyu." Tunawaonyesha huyu mwenyewe ameketi pale anakula karanga, wanafurahi. Nusu ya riziki yangu imepita utosini mwa mdogo wangu.

Basi kwa nini nikasema sina?

Nikijihurumia, nasema niliogopa aibu. Singa mdomo wake hauna kufuli. Leo ningemwambia, kesho wateja wote wangejua kwamba Fundi ana kipara. Nani anakalia kiti cha msusi mwenye kipara? Nikiwa mkweli nasema jingine, na hilo nitalifikia. Nipeni nafasi nijikaze.

Jumamosi ya wiki ile ile nilimkalisha binti yangu kwenye kiti, nikashika mkasi.

"Mama, unanifanyia nini?"

"Nakukata. Mwaka huu una mtihani. Nywele zinakula muda."

"Nitajisuka mwenyewe. Nitaamka mapema."

"Acha kichwa kipumue. Hakuna kusuka, hakuna moto, hakuna dawa, mpaka nitakaposema."

Alilia mpaka kamasi. Singa alisimama mlangoni mikono kiunoni, ananitazama nikimnyonyoa mtoto wa watu.

"Dada, huo mtihani wanaufanyia kwa nywele?" akasema. "Mwenzio ana nywele za kwetu, unazimwaga kwenye ndoo. Roho haikuumi?"

"Mwanangu ni wangu."

"Na mimi ni mama yake mdogo. Ningekuwa na haki ningekuwekea pingamizi."

Tukacheka. Binti yangu hakucheka. Baada ya hapo kila Jumapili nilijifanya nampaka mafuta, nikawa namkagua utosi. Ulikuwa safi. Kwa daktari sikumpeleka, kwa sababu angeniuliza tunakwenda kutibu nini. Baada ya miezi mitano akaniambia yeye si mtoto tena, mafuta atajipaka mwenyewe. Nikamwacha.

Singa naye alianza kulalamika mwezi wa tatu.

Tulikuwa wawili tu, mvua imezuia wateja. Nilikuwa namfumua ili nimsuke upya, maana mambo ya picha hayataki nywele zilizochakaa.

"Dada, hebu niangalie hapo juu. Panawasha wiki ya tatu sasa. Nikijikuna panawaka kama nimemwagiwa pilipili."

Nikapekua. Jamani, mimi nimeangalia vichwa zaidi ya nilivyoangalia televisheni. Nilikiona mara moja. Katikati ya utosi, nywele fupi zilizokatika, na ngozi imeanza kung'aa, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nilikijua kama ninavyokijua kitanda changu.

Mkono wangu ukasimama. Hiyo ilikuwa nafasi yangu. Neno moja tu lilitosha, twende kwa daktari.

"Ni mba," nikasema. "Na jasho. Unavaa sana zile kofia zako."

"Kweli?"

"Nani fundi hapa?"

"Wewe."

"Haya kaa vizuri."

Nikamwosha, nikamweka kwenye mvuke wa moto, nikampaka mafuta yenye ubaridi ili muwasho utulie, kisha nikamsuka. Nilimsuka nimekaza kuliko siku zote, ili mistari iifunike ile sehemu. Alipiga kelele kidogo, nikamwambia uzuri una gharama. Alipojitazama kwenye kioo alinishika mkono.

"Asante, dada. Kichwa kimetulia kabisa."

Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akanishukuru.

Tukaendelea hivyo. Kila baada ya wiki tatu anakaa, nafumua, naangalia. Ukucha wa gumba ukawa kifuniko cha soda. Kifuniko cha soda kikawa mdomo wa kikombe. Kila mara anauliza, kila mara nina jibu. Ni sabuni mpya. Ni maji ya bomba. Ni mawazo, tafuta mume. Nikawa nabadilisha upande wa kugawa nywele, nikawa naongeza za bandia pale palipopungua, nikazishona kwa sindano na uzi juu ya ngozi iliyokuwa inaungua. Na mimi nikirudi nyumbani najifungia, navua wigi, napaka tyubu ya daktari kwenye kichwa changu. Asubuhi naibeba tena, naificha kwenye droo ya machanuo saluni ili binti yangu asiikute nyumbani; Singa aliwahi kuiona, nikamdanganya. Ile tyubu moja ingetutosha wote wawili.

Sasa lile jambo nililowaahidi.

Kuna siku nilikuwa namfumua, nikaona eneo limepanuka, na moyoni nikasikia kitu kimelegea, kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Nilifurahi. Haikuwa furaha ya kucheka, lakini ilikuwa furaha, nisiipake rangi. Nilijisemea, sasa tutakuwa sawa. Mwanamke wa miaka arobaini na nne, nimemlea yule mtoto tangu mama alipofariki, nimemlipia shule, nimegombana na wanaume kwa ajili yake, na bado ndani yangu alikuwepo yule msichana aliyesukwa wa mwisho, anasubiri zamu.

Sijawahi kumwambia mtu hilo. Nimewaambia nyinyi.

Mwezi wa nane mambo yakaharibika, na aliyeyaharibu ni mteja wangu wa miaka mingi, nesi. Alikuwa anasubiri zamu yake, anasoma simu, mimi namfumua Singa. Sikumwona alivyosogea. Nilisikia tu pumzi yake begani kwangu.

"Fundi, hicho ni nini?"

"Mba."

"Mba hauli nywele namna hiyo." Akainama. Akapitisha kidole. "Ngozi imekufa hapa. Singa, umeenda hospitali?"

"Dada amesema ni mba."

"Dada yako ni msusi."

Nikamwambia nesi kila mtu ana kazi yake, yeye achome sindano, mimi nisuke. Nilimwambia kwa ukali mpaka akarudi kitini. Lakini Singa alikuwa ameshashika simu, amejipiga picha ya utosi. Akaitazama picha ile muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona utosi wake mwenyewe, maana aliyekuwa anauangalia kwa niaba yake ni mimi.

"Dada, mbona ni kubwa hivi?"

"Picha inakuza."

"Picha inakuza," akarudia polepole, akaweka simu mfukoni.

Kesho yake hakuja kazini. Nilimpigia nikamwambia asiende kwa wale watu wa hospitali, wanapenda kukatakata miili ya watu bila sababu. Akasema atakatwa tu, lazima ajue. Wiki mbili zikapita. Anakuja, anafanya kazi, anakula karanga zake, ananiambia anasubiri majibu. Mimi chakula hakipiti. Nilijiambia daktari wa mji mzima si yule mmoja tu. Nilijiambia hata akiwa yule, hana habari kwamba mimi ni dada yake, si nilisema sina ndugu? Uongo wangu nikaugeuza mto, nikaulalia.

Jumamosi, mwezi wa tisa, saa nne asubuhi. Kwenye kiti changu yuko mwalimu wa chekechea, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama. Binti yangu yuko chumba cha nyuma anafua taulo, kazi yake ya kila Jumamosi. Singa akaingia.

Amefunga kitambaa. Tangu nimjue hakuwahi kufunga kitambaa, alisema ni dhambi kuficha mali. Nilipomwona vile mlangoni nilimwona mama.

Hakusalimia. Akaweka mezani mfuko wa duka la dawa, akatoa tyubu. Kisha akaja upande wangu, akavuta droo yangu ya machanuo. Akachimba chini ya sindano, chini ya nyuzi, akatoka na tyubu nyingine, ileile, imeminywa mpaka katikati. Akaziweka zote mbili mezani, bega kwa bega.

"Hii uliniambia ni ya nini?"

"Ya goti."

"Goti lako lina nywele?"

Mwalimu kitini akacheka, kisha akaona nyuso zetu, akakimeza kicheko.

"Singa, tuongee nyuma."

"Tutaongea hapa. Daktari ameniuliza kama nyumbani kuna mwenye tatizo hili. Nikasema hapana. Nikajisifu, nikamwambia dada yangu ni msusi mkubwa na chini ya wigi nywele zake zimejaa. Akanipa masharti. Kata fupi, usisuke, usipitishe moto, usitie dawa, acha kichwa kipumue. Nikiwa njiani maneno yale hayaniachi. Nimeyasikia wapi? Nikakumbuka. Ni hapa hapa. Umeshika mkasi, mwanao analia, mimi nimesimama mlangoni nakutania."

Nikaanza kuzirudisha nyuzi kwenye droo.

"Mwezi wa pili, dada. Huu ni wa tisa. Hesabu."

"Niliogopa," nikasema.

"Uliogopa nini? Mwanao ulimwokoa mapema. Mimi ukanikalisha kwenye mvuke."

"Singa, nilikuwa..."

"Nilikuuliza mara ngapi? Nilikuinamishia kichwa mara ngapi? Daktari amesema ningekwenda mwanzoni ningebaki na nywele zangu karibu zote. Mwanzoni. Akaniuliza, hukuona? Nikamwambia mimi siuoni utosi wangu, ana kazi hiyo dada yangu."

Sauti yake haikupanda. Angenitukana ningejua pa kujificha. Alizungumza kama anasoma majina ya watu.

Hapo nikasikia maji yanadondoka sakafuni. Binti yangu amesimama kwenye mlango wa nyuma, taulo mbichi mkononi.

"Mama, ulisema ni kwa ajili ya mtihani."

Singa akageuka, akamwona. Akanigeukia mimi.

"Vua."

"Kuna mteja."

"Mimi siangalii," akasema mwalimu wa chekechea, masikini, na mbele yake kuna kioo ukuta mzima. Kutoka hakuweza, nani anatembea barabarani na nusu kichwa?

Nikavua wigi. Sikuwa nimelivua mbele ya mtu kwa miaka minne, hata baba yake huyu mtoto aliondoka bila kuona. Hewa iliponigusa kichwani nikajisikia uchi. Kutoka paji la uso mpaka kisogoni hamna kitu, ngozi tupu, na pembeni vimebaki vinywele vichache kama vya mzee.

Nilitegemea mwanangu angepiga ukelele au angekimbia. Alisogea, akaangalia, akauliza, "Inauma?"

"Sasa hivi hapana. Inawaka tu siku nyingine."

"Na bibi? Ndiyo maana alikuwa mtu wa kitambaa?"

"Nadhani."

"Hukumwuliza?"

"Alikuwa haulizwi."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikaona mkono wake unapanda, unagusa utosi wake mwenyewe, unabaki pale pale. Na mimi ninayejua dalili za kichwa hata kwa aliyepita barabarani, nilimwona mtoto wangu akijikuna.

"Mama, na mimi?"

Niliruka. Niliangusha chanuo, nikapita kati ya viti, mikono mbele. "Njoo dirishani nikuangalie. Njoo, mwanangu, ni dakika moja."

Akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Usiniguse."

"Nataka nione tu."

"Halafu uniambie nini? Utaniambia ni jasho." Akapiga hatua kwenda kwa Singa. "Mama mdogo, niangalie wewe. Wewe niambie."

Singa akamshika mabega, akampeleka dirishani kwenye mwanga. Akamwinamisha kichwa. Vidole vya mdogo wangu nilivifundisha mimi, najua vinavyopekua: mbele kwanza, pembeni, kisha utosi. Vikafika utosini. Vikagawa nywele, vikasogea. Vikarudi pale pale. Kidole gumba kikakaa, kikabonyeza kidogo.

Mwalimu hakupumua. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa beseni la kuoshea.

"Kuna nini?" binti yangu akauliza akiwa ameinama.

Singa aliinua macho. Hakumtazama mtoto, alinitazama mimi, wakati vidole bado viko kichwani kwa mwanangu. Nimeusoma uso ule tangu ukiwa na meno mawili. Nikiuona najua kama ana njaa, ana mwanaume mpya au amevunja kikombe. Siku ile sikuambulia kitu.

"Huna kitu, mwanangu," akasema. "Kiko salama."

Binti yangu akashusha pumzi, akamkumbatia, akalia kidogo begani kwake. Kisha akajifuta, akaenda nyuma, akarudi na mkoba wake wa shule.

"Nitakaa kwa mama mdogo," akaniambia. "Usinifuate."

Singa akachukua tyubu yake mezani. Yangu akaiacha. Mtoto alitangulia kutoka. Nilimwahi Singa mlangoni, nikamshika mkono, kichwa changu wazi, wapita njia wananishangaa chini ya ule ubao wenye shingo yake.

"Nipige," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Nitukane mbele ya watu, funga saluni, nimestahili. Lakini hili moja niambie. Ana kitu au hana?"

"Umesikia nilichomwambia."

"Nimesikia. Ni kweli?"

Akakaza kitambaa chake.

"Kama ni kweli niape, Singa. Kama si kweli mpeleke kwa daktari leo, nakuomba, mapema inatibika, yeye mwenyewe amesema."

"Wewe ni mama yake na ulijua tangu mwezi wa pili. Mbona hukumpeleka?"

"Singa, yule ni mtoto. Hajakukosea."

"Na mimi nilikukosea nini?"

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa la msichana wa miaka kumi, nikashindwa kulitoa. Alisubiri. Nadhani alisubiri kweli, maana macho yalilengwa na machozi na hakuyafuta. Kisha akautoa mkono wangu kwenye mkono wake, kidole kimoja kimoja.

"Nipe miezi saba, dada," akasema. "Nitakuambia."

Akashuka ngazi. Mwanangu alikuwa anamsubiri ng'ambo ya barabara, na kabla Singa hajamfikia, nilimwona akiinua tena mkono, anajikuna utosini.